Mwili Hujifunza, Lakini Mtoto Hawezi Kungoja

Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia



 Leo hatuzungumzi juu ya mikopo wala mbuzi wa maziwa. Tunazungumza juu ya mto, watoto wetu, na daktari mmoja ambaye kwa miaka mingi aliuliza swali ambalo hata ninyi mnaliuliza.

Tunapotembelea vikundi na kutaja kichocho, karibu kila mahali tunasikia neno hili: "Sisi tulioga katika mto huu tangu utoto. Tuko hapa, tunalima, tumezaa. Mtoto naye mwili wake utazoea." Wengine wanaongeza: "Hizi dawa za shuleni zinafanya mwili kuwa mvivu." Wazazi wanaosema hivyo si wajinga. Kuna kitu cha kweli wamekiona kwa macho yao. Lakini ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli inaweza kumharibia mtoto ini. Ile nusu nyingine ndiyo tumekuja nayo leo.

KICHOCHO NI NINI HASA

Wengi mnajua, kwa hivyo tutapita upesi. Kichocho, ambacho wengine wanakiita bilhazia, kinaletwa na minyoo wadogo wanaoishi ndani ya mishipa ya damu. Hapa Kenya tuna aina mbili. Moja inashika kibofu na mtu anakojoa damu. Hiyo iko sana Pwani. Nyingine inashika matumbo na ini. Hiyo iko Machakos, Mwea na kandokando ya Ziwa Victoria. Leo tunasema juu ya hii ya tumbo.

Mtu mgonjwa anakwenda haja karibu na maji. Mayai yaliyo katika choo chake yanaingia majini na kuanguliwa, na kijidudu kinachotoka kinaingia ndani ya konokono wa majini. Humo kinazaana. Baada ya wiki kadhaa vijidudu vyenye mkia vinatoka kwa konokono, vingi mno, hasa jua linapowaka mchana. Ukiweka mguu majini vinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Pengine utajikuna kidogo, pengine hutasikia kitu. Ndani ya mwili vinakua vikawa minyoo wa urefu wa sentimeta moja hivi, dume na jike wakikaa pamoja. Wanaweza kuishi miaka mitatu hadi kumi, na wengine zaidi.

Shikeni mambo mawili hapo. La kwanza, minyoo hawa hawaongezeki wenyewe ndani ya mtu. Wakiongezeka ni kwa sababu mtu amerudi majini. La pili, kinachoumiza zaidi ni mayai. Jike anataga mamia ya mayai kila siku. Karibu nusu yake hayapati njia ya kutoka, yanabebwa na damu na kukwama kwenye ini na matumbo. Mwili unazungushia kila yai kovu. Makovu yakijaa, ini linakuwa gumu, damu inakosa pa kupita, wengu unavimba, tumbo linajaa maji, na mwisho mtu anaweza kutapika damu hata akafa.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme jike mmoja anataga mayai 200 kwa siku. Kwa mwaka ni mayai 73,000. Nusu yakibaki mwilini ni zaidi ya 36,000. Hao ni mke na mume mmoja tu wa minyoo, ndani ya mtoto mmoja, mwaka mmoja.

DAKTARI NA SWALI LA KIJIJI

Katika miaka ya 1970 daktari kutoka Uingereza, Anthony Butterworth, alifanya kazi Nairobi katika maabara za utafiti za Wellcome Trust. Fani yake ilikuwa kinga ya mwili, yaani vile mwili unavyopigana na kitu kigeni kilichouingia.

Watu waliopima choo vijijini walikuwa wameona jambo moja kila mahali. Mayai ya kichocho yanazidi kuwa mengi mtoto anapokua, yanafika kilele wakati wa ujana, halafu yanapungua kwa watu wazima. Kwa nini? Wengine walisema ni rahisi: mtu mzima hachezi tena mtoni. Wengine walisema hapana, mwili wake umejifunza kujikinga. Wanasayansi walibishana hapo miaka mingi. Tazameni basi, ni neno lile lile la "mwili utazoea". Swali la kijiji lilikuwa pia swali la maabara.

Butterworth na wenzake walianza na jambo dogo: je, mwili unaweza hata kumuua mnyoo huyu? Tumezoea kusikia kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wanaomeza viini vya magonjwa. Lakini mnyoo ni mkubwa mno kumezwa na chembe isiyoonekana kwa macho. Ni kama kuku atake kumeza mamba.

Walichukua minyoo wachanga wakawaweka katika vyombo vya kioo. Wakaongeza maji ya damu ya watu waliokuwa na kichocho, wakaongeza na chembe nyeupe. Matokeo waliyatoa mwaka 1974 na 1975 katika jarida la kisayansi la Nature. Kazi ilifanywa na chembe zinazoitwa eosinofili, zinazojulikana kwa sababu zinashika rangi nyekundu zikipakwa dawa ya maabara. Ilikuwa inajulikana kwamba mtu mwenye minyoo huwa na chembe hizi nyingi, lakini kazi yake haikuwa wazi. Sasa ilionekana. Kwanza kingamwili, yaani vitu ambavyo damu inatengeneza ili kumtambua adui, zinamgandama mnyoo na kumtia alama. Halafu eosinofili zinamrukia, zinamshika na kummwagia sumu yao mpaka ngozi yake inaharibika.

Ninyi mnaofuga nyuki mnaelewa. Nyuki hawezi kumeza ng'ombe. Lakini mzinga mzima ukimvamia ng'ombe aliyefungwa kamba, atakufa.

Daktari huyu aliendelea na kazi hiyo Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, na baadaye Chuo Kikuu cha Cambridge. Lakini chombo cha kioo si mtu. Ili kujua kama jambo hili linatokea kweli kwa watu wanaoishi, ilibidi kurudi mtoni.

MACHAKOS, MIAKA YA 1980

Katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos, sehemu inayoitwa Iietune, Butterworth alishirikiana na Wakenya na wageni: John Ouma wa Wizara ya Afya, watafiti wa KEMRI iliyoanzishwa mwaka 1979, Robert Sturrock aliyekuwa mtaalamu wa konokono, na wengine wengi.

Walichagua watoto wa shule zaidi ya 100 waliokuwa na kichocho. Wakawapa dawa kuondoa minyoo. Halafu wakawafuata kuona nani atashikwa tena na nani hatashikwa. Choo kilipimwa mara kwa mara na damu pia. Watu wengine waliketi kando ya mto wakiandika: nani ameingia majini, saa ngapi, anafanya nini, maji yamemfika wapi. Wengine waliokota konokono na kupima wangapi wana vijidudu.

Mtauliza, kwa nini kazi yote hiyo ya kuketi mtoni na daftari? Sababu ni hii. Mtoto akibaki bila minyoo, huwezi kujua kama ni mwili wake wenye nguvu au ni kwa vile mama yake anamkataza kwenda mtoni. Ni lazima umjue yule anayeingia maji yale yale, mara zile zile, na bado hashikwi.

Na hao walipatikana. Katika matokeo ya mwaka 1985 ilionekana kwamba watoto wadogo walirudiwa na ugonjwa upesi, lakini wengi wa wale wakubwa walipata minyoo wachache au hawakupata kabisa, hata waliokuwa bado wanaingia maji yenye vijidudu. Kwa hivyo wazee wetu hawakusema uongo. Mwili hujifunza.

LAKINI KWA NINI UNACHELEWA?

Hapa ndipo kazi hii inatugusa sisi wazazi. Watafiti walipopima damu ya watoto wadogo walikuta kingamwili nyingi. Sasa shida ni nini? Walikuta kwamba kuna kingamwili za aina mbalimbali, na aina nyingine zinamgandama mnyoo lakini haziiti eosinofili. Zinakaa tu, tena zinazuia nafasi ya zile ambazo zingefanya kazi. Ilionekana kwamba mwili wa mtoto unatengeneza hizi kwa sababu ya yale mayai yaliyomjaa, na mnyoo mchanga anafanana na yai katika mambo fulani ya ngozi yake.

Mnalijua jambo hili katika vikundi. Viti vyote vya kamati vimekaliwa na watu ambao hawaji kazini, na wale wenye nia ya kufanya kazi wamesimama mlangoni. Kamati iko, lakini mradi hauendi.

Baadaye, mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi Gambia, na mwaka 1992 kundi hili la Machakos likiongozwa na David Dunne, walionyesha kwamba kuna kingamwili moja, aina inayoitwa IgE, ambayo inaenda pamoja na kujikinga. Watu waliokuwa nayo nyingi dhidi ya mnyoo hawakurudiwa sana na kichocho. Ni kingamwili ile ile ambayo wengine wetu tunaijua kwa ubaya wake, maana inahusika na pumu na miwasho.

Kuipata kunachukua miaka. Mnyoo mzima ni mjanja, anajipaka vitu vya mwili wa mtu mwenyewe ili asitambuliwe, kama mwizi aliyevaa nguo za mwenye nyumba. Inadhaniwa kwamba mwili unamwona vizuri anapokufa tu na kupasuka. Na mnyoo akiachwa afe kwa uzee anaweza kuchukua miaka mingi. Muda huo wote jike anataga.

Hii ndiyo ile nusu nyingine ya ukweli. Mwili hujifunza, ndiyo, lakini karo ya shule hiyo inalipwa na ini. Tena sisi tunaosimama hapa na kusema "tulizoea" ni wale waliofaulu. Walioshindwa hawako hapa kusema neno. Kule Machakos kwenyewe madaktari walikuta watoto wa shule wenye ini na wengu vilivyovimba na kuwa vigumu, hasa katika sehemu ambazo kichocho na malaria vinakaa pamoja.

DAWA HAIMNYIMI MTOTO KINGA

Sasa lile jambo la dawa kufanya mwili kuwa mvivu. Jibu moja lilipatikana hapa hapa Kenya. Diana Karanja wa KEMRI na wenzake waliwafuata wanaume wanaoosha magari Kisumu, ambao kila siku wanasimama ndani ya maji ya ziwa. Kila mmoja aliyekutwa na kichocho alipewa dawa, akapimwa tena baadaye, na akishikwa tena alitibiwa tena. Mwaka 2002 walitoa matokeo katika jarida la Lancet. Baadhi ya wanaume hao, baada ya kutibiwa mara kadhaa, walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kushikwa tena, na kazi yao ni ile ile na maji ni yale yale. Wale wenye virusi vya ukimwi ambao chembe zao za kinga zilikuwa zimepungua hawakujikinga vizuri hivyo.

Maana yake nini? Dawa inaua minyoo wengi kwa wakati mmoja, na mwili unaona yale yaliyokuwa yamefichwa. Badala ya kungoja miaka kumi mnyoo afe kwa uzee, mwili unapata somo mapema, na mayai yanakoma kutagwa. Kwa hivyo msiogope. Dawa haimnyang'anyi mtoto kinga yake. Inaweza hata kumsaidia kuipata bila kuumia sana.

WATOTO KWANZA

Kuanzia mwaka 1983 kundi la Machakos lilijaribu njia mbalimbali za kutoa dawa, kila sehemu na njia yake. Mahali pamoja walitibiwa wote waliopatikana na ugonjwa. Mahali pengine wale wenye mayai mengi peke yao. Mahali pengine watoto wa shule peke yao. Matokeo ya mwaka 1991 yalionyesha kwamba kuwatibu watoto wa shule kulipunguza ugonjwa kwa miaka kadhaa, karibu sawa na kuwatibu wote. Ni kwa sababu watoto ndio wenye minyoo wengi zaidi, na wao ndio wanaorudisha mayai mengi mtoni.

Tangu hapo mambo yameendelea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mahali ambapo kichocho ni kingi dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia miaka miwili, watu wazima pia. Na kwa wale wadogo kabisa ambao tembe kubwa chungu iliwashinda, tembe ya watoto ilijaribiwa Kenya na Ivory Coast, na mwaka 2023 wakaguzi wa dawa wa Ulaya waliipitisha. Chanjo bado hatuna.

TUFANYE NINI?

1. Siku ya dawa mtoto aende shule, na aende akiwa amekula. Muulizeni mwalimu ni dawa gani inayotolewa. Tembe ya albendazole inaua minyoo wa udongo, haiui kichocho. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, nayo inapimwa kwa uzito au kwa urefu wa mtoto. Mtoto akiumwa tumbo kidogo au akasikia kizunguzungu, kwa kawaida kunapita siku hiyo hiyo.

2. Tuwakumbuke wasio shuleni: wachunga ng'ombe, wachimba mchanga, wanaopanda mpunga, wavuvi, na wale wadogo wanaobebwa mtoni mama anapofua. Kikundi kiandike majina yao na kumpelekea mhudumu wa afya wa kijiji.

3. Kila boma liwe na choo, na kitumike, kiwe mbali na maji. Konokono peke yake hana ugonjwa. Ni sisi tunaompelekea.

4. Maji ya kuoga yakichotwa na kuwekwa siku mbili bila kuongezwa mengine, vile vijidudu vinakufa. Wenye haraka wachemshe. Kama ni lazima kuingia majini, tuepuke saa za jua kali, ingawa hakuna saa iliyo salama kabisa.

NENO JUU YA WATAFITI

Tumesikia malalamiko katika vikundi: "Watu wanakuja, wanachukua damu, wanakwenda, haturudishiwi habari." Malalamiko hayo ni ya haki. Yote tuliyosema leo yalipatikana kwa sababu wazazi wa Machakos walikubali watoto wao wapeane choo kwenye vikopo, wakatolewa damu, wakaangaliwa mtoni. Majina yao hayako katika majarida, lakini bila wao hakuna kitu kingejulikana.

Kwa hivyo mtafiti akija kwenu msimfukuze, na pia msikubali tu kwa sababu amekuja na chifu. Mwulizeni: Nani amekuruhusu, na barua iko wapi? Unatafuta nini? Ukinikuta mgonjwa utanitibu? Nikitaka kuacha katikati, nitanyimwa dawa? Utarudi lini kutuambia ulichokipata? Mtafiti mwema anafurahi kuulizwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu watoto wanaingia majini wapi, saa ngapi, na kwa nini? Tuchore ramani ya mto na vyoo vyetu.

2. Ni mtoto gani wa jirani ambaye hakupata dawa mara ya mwisho? Nani atakwenda kuzungumza na mzazi wake?

3. Kuna maneno gani ya wazee wetu juu ya magonjwa ambayo ni nusu ya ukweli? Nusu ile nyingine tutaitafuta wapi?

Tunamaliza. Nabii Elisha alipoambiwa kwamba maji ya Yeriko ni mabaya, hakuwaambia watu wayazoee. Alikwenda mpaka kwenye chanzo cha maji. Nasi tuanze huko, kwenye choo, kwenye mto na kwenye mlango wa shule. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ini la mtoto haliwezi kujengwa tena kama ukuta.